Usuli wa Mwendo katika Dansi ya Tango

Leo napenda kuzungumza juu ya dansi ambayo watu wengi wameiona katika sinema, wachache wameicheza, na wachache zaidi wamejishughulisha kuuliza imejengwa juu ya nini. Dansi hiyo ni tango. Muradi wangu si kueleza mavazi yake, wala ule ukali wa nyuso ambao watengenezaji wa sinema wameupenda kupita kiasi. Muradi wangu ni usuli wa mwendo wake, yaani kanuni chache zilizo chini ya kila hatua, ambazo mtu akishazifahamu huona wazi kuwa mambo aliyoyadhani mia ni matano au sita tu yanayorudiarudia kukutana. Wako wasemao kuwa tango ni ngumu kwa sababu mitindo yake haina idadi, na kwa hiyo mwanafunzi wao hukaa miaka akikusanya mitindo. Mimi naitakidi kuwa mwanafunzi huyo ameanzia mwisho, na kwamba anayeshika kanuni kwanza hufika mapema, tena hufika akiwa na kitu ambacho ni chake mwenyewe.

Tango ilizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwenye kingo mbili za mto mpana wa Río de la Plata, katika miji ya Buenos Aires nchini Argentina na Montevideo nchini Uruguay. Huko walikutana wahamiaji maskini kutoka Italia na Hispania, wachunga ng'ombe waliohama bara kuja mjini, na wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani kutoka Angola, Kongo na hata Msumbiji, jirani zetu wa pwani hii. Waafrika hao na wazao wao, katika hesabu ya watu ya mwaka 1778, walikuwa karibu watatu kwa kila watu kumi wa Buenos Aires. Muziki wa habanera wa Kuba ulichangia wizani wake, uimbaji wa milonga wa bara ukachangia nyimbo, na katika ngoma ya kandombe ya Waafrika ndimo wanahistoria wengi wanamoona chimbuko la ule ujuzi wa kukata mwendo ghafula na kukipinda kiwiliwili. Mwaka 2009 kikao cha UNESCO kilichokutana Abu Dhabi kiliiandika tango katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu, kwa maombi ya Argentina na Uruguay pamoja, na katika kikao hicho hicho kandombe nayo ikaandikwa.

Wazee wetu waliocheza dansi katika kumbi za Mombasa na Dar es Salaam zama za ukoloni walilijua jina la tango, kwa kuwa lilifika pamoja na waltzi na foksitroti. Lakini tango ile ilikuwa imekwisha kusanifiwa Uingereza katika miaka ya 1920, mitindo yake ikapewa majina na mpango maalumu, hata wachezaji wakaweza kushindanishwa kwa kaida moja. Tango ninayoizungumzia leo ni ile iliyobaki Buenos Aires na Montevideo, ambayo wachezaji wawili huibuni papo hapo sakafuni, pengine bila ya kuwahi kuonana kabla ya usiku ule. Na hapo ndipo linapozuka swali linalostahili kuulizwa na kila mwenye akili: watu wawili wasiokubaliana lolote kwa maneno huwezaje kutembea, kugeuka na kusimama kwa wakati mmoja, tena katika ukumbi uliojaa watu, pasipo kukanyagana?

Jibu linaanzia katika uzito. Binadamu ana miguu miwili, lakini katika tango, ila kwa ile lahadha fupi ya kupita kutoka mguu mmoja hadi wa pili, uzito wote wa mchezaji hukaa juu ya mguu mmoja tu. Huo ndio mguu wa kusimamia, na wa pili ni mguu huru. Mstari utokao utosini, ukapita katika uti wa mgongo na nyonga, ukashukia katika wayo wa mguu wa kusimamia, huo ndio mhimili wa mchezaji, na hakuna jambo lolote katika dansi hii lisilotegemea mhimili huo uwe wima na uwe wake mwenyewe.

Namwomba msikilizaji mwenye nafasi asimame sasa hivi hapo alipo. Weka miguu pamoja, uyalegeze magoti kidogo, kisha upeleke uzito wote juu ya mguu wa kushoto bila ya kuunyanyua wa kulia. Ikiwa umefanya kweli, mguu wa kulia utaweza kuteleza mbele, ubavuni na nyuma, na kifua chako hakitatikisika. Ukiona kifua kinayumba, au vidole vya mguu wa kulia vinang'ang'ania sakafu, basi jua kuwa uzito haukuhama wote. Kosa hili ni dogo kwa macho, wala watazamaji hawalioni, lakini ndilo lizaalo makosa mengi makubwa, kwa maana mwenzio hawezi kutambua ni mguu gani ulio huru, na asipolitambua hilo hawezi kukuongoza wala kukufuata.

Baada ya uzito huja kutembea, na wajuzi wa tango hawachoki kusema kuwa kutembea ndiyo dansi yenyewe. Wageni hulisikia neno hili kwa mshangao, wakisema kuwa wametembea tangu utotoni. Lakini kutembea kwetu kwa kila siku ni kuanguka mbele na kujidaka, ilhali kutembea kwa tango ni kuusafirisha mhimili kutoka mahali hadi mahali pasipo kuupoteza. Mguu wa kusimamia husukuma sakafu, na sakafu, kwa kanuni ile aliyoibainisha Isaac Newton katika kitabu chake cha mwaka 1687, ya kwamba kila kani hujibiwa na kani iliyo sawa nayo kwa upande wa pili, huurudishia mwili msukumo ule ukaupeleka mbele. Kwa hiyo hatua njema haianzi katika mguu unaokwenda. Huanza katika mguu unaobaki. Anayetupa mguu mbele kwanza kisha akauvuta mwili nyuma yake humfikia mwenziwe kwa goti kabla ya kumfikia kwa kifua, na hapo wote wawili huharibikiwa. Mwenda pole hajikwai, na katika tango upole huo maana yake ni kila hatua kupewa haki yake mpaka ikamilike.

Sasa tuzihesabu hatua zenyewe. Mtu anaweza kukanyaga mbele, au ubavuni, au nyuma, na zaidi ya hizo hakuna hatua ya nne. Kwa miguu miwili zinakuwa 6. Mwongozi akiwa na hatua 6 na mwenziwe akiwa na 6, namna za kuikutanisha hatua moja ya huyu na moja ya yule ni 36. Uchunguzi wa namna hii ulifanywa kwa bidii mjini Buenos Aires katika miaka ya 1990, pale wacheza tango Gustavo Naveira na Fabián Salas, na baadaye kijana Mariano Frumboli, walipokutana kwa mazoezi si kwa ajili ya kuonyesha, bali kwa ajili ya kuuliza ni nini kinachowezekana katika kila hatua na kwa nini. Walikuta kuwa mitindo mingi iliyopokewa kutoka kwa wazee ilikuwa sehemu tu ya yale ambayo kanuni zile zile zingeweza kuzaa, na kutoka hapo wakafungua milango ambayo haikuwa imefunguliwa. Hawakuongeza hatua ya nne duniani. Walizifahamu tatu zilizokuwapo.

Kanuni ya kukumbatiana ndiyo inayowafanya wawili wawe kitu kimoja. Mtazamaji huidhani mikono ya mwongozi kuwa ndiyo inayomsukuma na kumvuta mwenziwe huku na huku, na dhana hiyo si sahihi. Mikono humzunguka mwenzi kwa staha, na kazi yake ni kupeleka habari za kifua. Tuitazame hatua moja kwa karibu. Mwongozi hunuia kwenda mbele, na nia ile hukifanya kifua chake kisogee kidogo kabla mguu haujaondoka; mwenziwe husikia kusogea huko, akaurefusha mguu huru nyuma yake kuanzia nyongani, lakini uzito wake haujahama bado. Huo ni mwaliko, na mwaliko una haki ya kujibiwa kwa wakati wake. Mwongozi hungoja mpaka aone umepokewa, kisha ndipo wote wawili huhamisha uzito kwa pamoja. Basi ni dhahiri kuwa anayeongoza, mara tu baada ya kualika, huwa ndiye anayefuata, kwa maana hana ruhusa ya kwenda mahali ambapo mwenziwe hajafika. Naye anayefuata si mzigo wa kubebwa, kwani mhimili ni wake, muda wa kukamilisha hatua ni wake, na mapambo ayatiayo katika hatua hiyo ni yake.

Wazee waliocheza Buenos Aires katika miaka ya 1940 wamesimulia kuwa kijana aliyetaka kujifunza alikwenda katika mazoezi ya wanaume peke yao, akafunzwa kwanza kufuata, na ulipita muda mrefu kabla ya kupewa ruhusa ya kuongoza au kumwalika mwanamke katika ukumbi wa watu. Mimi naiona desturi hiyo kuwa ya hekima kubwa. Aliyepata kuvutwa mkono kwa nguvu na mwongozi mbaya, akapotezewa mhimili wake, hataona tabu kufahamu kwa nini yeye naye asimfanyie mwenziwe hivyo.

Hadi hapa tumekwenda katika mstari ulionyooka, sasa tugeuke. Siri ya kugeuka ni kuwa kiwiliwili cha juu na nyonga havigeuki kwa wakati mmoja. Kifua hutangulia, kiuno kikajisokota, kisha nyonga zikafuata, na nguvu iliyokusanyika katika msokoto ule ndiyo inayouzungusha mwili juu ya wayo. Chukua mathalani mtindo uitwao ocho, unaoitwa hivyo kwa kuwa nyayo huchora sakafuni tarakimu 8. Anayefuata amesimama juu ya mguu wa kulia. Mwongozi anakigeuza kifua chake taratibu. Kifua cha mwenziwe kinakwenda nacho. Nyonga zinabaki nyuma kidogo, kisha zinaachiwa, na mwili wote unazunguka kwenda kulia juu ya sehemu ya mbele ya wayo wa kulia. Kuzunguka kukikoma, mguu wa kushoto, ambao muda wote huo ulikuwa huru karibu na mwenzake, hukanyaga mbele ukipita usoni pa mwongozi. Hapo uzito umehama, na jambo lile lile hufanyika kwa upande wa pili. Mtu ajuaye ocho kwa namna hii hajajifunza mtindo mmoja. Amejifunza kuzunguka juu ya mhimili na kutembea mbele, naye aweza kukatiza mahali popote, au kuzunguka robo badala ya nusu, au kwenda kwa hatua ya nyuma badala ya mbele, na kila mara atapata kitu kipya.

Kutoka hapo hupatikana mzunguko mkubwa uitwao giro, ambao katika kuuendeleza hutajwa sana jina la Carlos Estévez, mcheza tango wa Buenos Aires aliyejulikana kwa lakabu ya Petróleo. Mwongozi husimama katikati, na mwenziwe humzunguka kwa hatua ya mbele, ya ubavuni, ya nyuma, kisha ya ubavuni tena, na mfululizo huo hurudia maadamu mzunguko unaendelea. Sharti lake ni moja: kitovu kisihame na umbali usibadilike. Aliye katikati ana njia fupi, aliye nje ana njia ndefu. Kwa hiyo wa katikati hana budi kungoja, akigeuka kwa kadiri ya mwendo wa mwenziwe wala asimtangulie. Aghalabu giro inayovurugika haikuharibiwa na miguu ya anayezunguka, ijapokuwa yeye ndiye anayelaumiwa. Imeharibiwa na kitovu kilichoyumba.

Lipo jambo jingine ambalo likifahamika hufungua mafumbo mengi. Kwa kawaida wachezaji wanaokabiliana hutembea kwa miguu inayoelekeana, yaani mwongozi akienda kwa kushoto mwenziwe huenda kwa kulia. Lakini mwongozi aweza kubadili uzito wake peke yake, kwa upole, bila ya kumpa habari mwenziwe, na tangu hapo wote wawili huenda kwa kushoto pamoja, kisha kwa kulia pamoja. Ardhi ni ile ile na hatua ni zile zile tatu, lakini uhusiano wao umegeuka wote. Akitembea mbele katika hali hiyo huku akikigeuza kifua kulia na kushoto, mwenziwe hutoa ocho za nyuma pasipo tabu yoyote. Wanafunzi hukesha wakiitafuta ocho ile kwa miguu, na kumbe ufunguo wake ulikuwa ni badiliko moja la uzito.

Kanuni zote hizi zingekuwa mazoezi ya viungo tu lau kama si muziki. Tango huhesabiwa mapigo manne, la kwanza na la tatu yakiwa na nguvu zaidi, na mchezaji kwa desturi hukanyaga juu ya hayo mawili. Akitaka haraka hukanyaga na lililo katikati yake, na akitaka utulivu huliacha moja lipite. Katika zama za ustawi wake, tangu kiasi cha mwaka 1935 hadi 1955, kila bendi kubwa ilikuwa na tabia yake, na mcheza tango alijua kuwa mwili hauwezi kuzijibu zote kwa jibu moja. Miongoni mwa viongozi wa bendi hizo, Juan D'Arienzo, hasa baada ya Rodolfo Biagi kuketi kwenye piano ya bendi yake mwaka 1935, alipiga muziki mkavu wenye mapigo ya kukatakata, unaodai hatua fupi na wepesi wa kifundo cha mguu. Carlos Di Sarli aliandaa sauti ndefu, laini, ambazo ndani yake hatua moja huweza kunyooshwa mpaka ikajaa. Na Osvaldo Pugliese, ambaye kipande chake cha muziki cha mwaka 1946, La Yumba, kingali kinatikisa kumbi, alipanda na kushuka, akaharakisha na kusita, hata asiyekuwa na mhimili imara huumbuka mbele yake. Hapo mchezaji hufahamu kuwa kusimama nako ni mwendo: wawili wamesimama, miguu imetulia, lakini pumzi zinakwenda na kinanda cha bandonioni, na uzito uko tayari kuondoka. Anayeogopa kusimama hujaza kila pigo kwa hatua, na dansi yake huwa ni maneno yasiyokuwa na kituo.

Na sakafu nayo ina sheria yake. Katika ukumbi wa milonga, jina ambalo pia hupewa mkusanyiko wa kucheza tango, wachezaji wote huzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kila jozi ikishika njia yake, isiwapite walio mbele wala isirudi nyuma kuwagonga wanaofuata. Mwaliko wa kucheza hutolewa kwa jicho na kuinamisha kichwa kutoka mbali, ili asiyependa aweze kugeuza uso pasipo yeyote kuaibika. Na waliokubaliana hucheza pamoja nyimbo tatu au nne zinazofuatana, kisha huachana kwa shukrani. Mambo haya yasidhaniwe kuwa ni adabu za pembeni zisizohusiana na mwendo. Kwa kuwa nafasi ni ndogo na jirani yuko karibu, mwongozi hulazimika kuikata hatua yake, kugeuka mahali alipotaka kwenda mbele, na kubuni njia pale ilipofungwa. Na mitindo mingi tunayoistaajabia leo ilizaliwa katika haja hiyo ya kutomwudhi jirani.

Wako watakaosema kuwa kuichambua dansi namna hii ni kuiua, kwamba tango ni ya moyo, na moyo haupimwi kwa hesabu za hatua 36. Nauheshimu wasiwasi huo, maana unatoka kwa watu waipendao dansi. Lakini nawaomba wazitazame tungo za kwetu. Mshairi wa Lamu au Mombasa hakuambiwa kuwa vina na mizani vitamkausha machozi. Alivijua tangu udogo wake mpaka vikamwingia damuni, na alipopatwa na msiba au furaha, maneno yalimjia yakiwa yamekwisha kupangika. Asiyezijua kanuni hizo hubaki kukariri tungo za wenziwe, na hata akizikariri kwa sauti nzuri namna gani, huzuni anayoitoa si yake. Kadhalika mcheza tango mwenye mitindo hamsini ya kukariri, ukumbi ukimziba njia katikati ya mtindo wa kumi na mbili, hana la kusema. Lakini aliyefahamu uzito, mhimili, hatua tatu na msokoto wa kifua, ana la kusema kwa kila anayemkumbatia, na kwa kila wimbo.

Nasaha yangu kwa hiyo ni hii, kwa wanafunzi na kwa walimu pia, si wa tango peke yake bali wa kila dansi ya watu wawili. Mwanafunzi asiulizwe amejifunza mitindo mingapi kabla hajaulizwa uzito wake uko juu ya mguu gani. Mwalimu asione haya kulitumia somo zima juu ya kutembea, wala mwanafunzi asidhani ameibiwa ada yake, kwa kuwa hakuna anayenufaika na pambo lililowekwa juu ya mwendo usiosimama. Na kila mmoja afundishwe kuongoza na kufuata pia, ili ajue kwa mwili wake mwenyewe gharama ya kosa analomtia mwenziwe. Hayo yakishikwa, mitindo itakuja yenyewe, tena itakuja na sura ya mchezaji mwenyewe.